Ukuta Usiotaja Mikumi

Niliondoka Kilosa asubuhi bila kumuaga mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu niliyetaka kumuaga. Nilikuwa na begi la mgongoni, simu yenye kioo kilichopasuka, chaja, nguo chache na hasira. Sikuwa na safari. Nilitembea hadi mji ulipoishia, nikasimama kwenye tuta ambapo magari hupunguza mwendo, nikajiambia kwamba gari la kwanza litakalosimama ndilo litakaloamua. Likienda Morogoro, nitaishi Morogoro. Likienda Dodoma, basi Dodoma. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Babu yangu aliletwa wilaya ile kukata mkonge, akakaa, akazikwa hapo, na nadhani alikaa kwa niaba ya ukoo mzima, maana mimi sijawahi kuweza.

Hasira ilikuwa ya jana yake.

Bosi wangu alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi. Tulitoa fotokopi, tulipiga picha za pasipoti, tuliwajazia watu maombi ya mtandaoni. Juu ya hayo aliendesha tovuti ya nyumba za wageni za wilaya yetu. Mwenye gesti anatupa picha na maelezo, tunamtengenezea ukurasa, msafiri anaufungua, anaona vyumba na namba ya simu, anapiga. Programu ya tovuti ile niliiandika mimi, kwenye kompyuta yake, kwenye kona kati ya mashine ya fotokopi na feni iliyopuliza upande mwingine. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kwenye simu, nikauliza watu nisiowajua kwenye makundi ya mtandaoni, wakanitukana, nikauliza tena.

Jana hiyo mama mwenye gesti moja ya Mikumi alipiga simu. Bosi akaweka sauti ya nje, nafikiri alitegemea kusifiwa mbele ya wateja.

"Nyie ni wezi," mama alisema. Hakusalimia. "Wageni wanaona tangazo langu, wanafungua hiyo tovuti yenu, wanapewa namba ya jirani yangu. Leo tena familia nzima imeshuka kwenye basi, imepita mlangoni kwangu na mabegi, imeingia kwake. Nawauliza, wananiambia, mama, sisi tumepiga namba iliyopo kwenye mtandao."

Bosi akafungua ukurasa wake pale pale. Picha zilikuwepo, namba ya mama ilikuwepo, kila kitu mahali pake. "Mbona kwangu iko sawa, mama?"

"Basi kuna mtu anabadilisha, halafu mkiangalia anarudisha."

Bosi akainua macho akanitazama. Kilichonikera ni wepesi wake. Hakukunja hata uso kufikiri.

"Mwenye nywila ni wewe tu," alisema. "Huyo jirani amekupa nini?"

Waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi waligeuka. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsaidia kufungua barua pepe yake, alitikisa kichwa kama mtu aliyejua siku nyingi. Nilisema sijabadilisha kitu. Bosi akasema mtu aliyeshindwa kuvumilia shule atawezaje kuvumilia kishawishi. Akasema niache funguo mezani. Mama wa Mikumi alikuwa bado hewani, akisikia yote, na kabla hajakata alisema atawatangazia wenye gesti wenzake. Wana kundi lao kwenye simu, wote wa Mikumi na Kilosa na vijiji vya katikati.

Hilo ndilo lililoniuma. Mimi sina cheti. Mtu akinipa kazi, ananipa kwa sababu mwingine amemwambia huyu kijana anaweza na haibi. Ukiniondolea neno hilo, nabaki mtu mwenye begi.

Gari la kwanza kusimama kwenye tuta lilikuwa kenta ya soda. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye taulo shingoni.

"Wapi, dogo?"

"Unakokwenda wewe."

"Mimi Mikumi, nashusha soda njiani. Kama una mikono, panda."

Karibu nikatae. Mikumi ndiko matusi ya jana yalikotokea, na sijawahi kufika. Jina lile nililiandika kwenye programu hadi vidole vikalizoea. Gesti zake nilizijua kwa namba, ipi ina feni, ipi ina maegesho ya malori, ipi maji hukatika, lakini sikujua mji una rangi gani. Ila nilikuwa nimesema gari la kwanza litaamua. Nikapanda.

Barabara ilikuwa inajengwa, na kujengwa maana yake ni vumbi jekundu linaloingia hata kwenye meno. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akijifuta kwa taulo. Hatujafika mbali akanigeukia.

"Wewe si ndiye yule wa steshenari?"

"Yupi?"

"Aliyeuza wageni wa mama wa watu. Asubuhi tunapakia, ndiyo stori ghalani. Wanasema una kitufe, ukikibonyeza wageni wanahama."

"Sina kitufe. Na sijauza mtu."

"Magereza yamejaa watu ambao hawajaiba." Alicheka, halafu akahamisha begi langu kutoka karibu na pochi yake, bila kujificha.

Stori ilikuwa imeamka mapema kuliko mimi. Niliona kwamba hata ningepata gari la Dodoma, ingekuwa imenitangulia na kukaa kwenye kiti cha mbele.

Kwenye kijiji kiitwacho Ulaya tulishusha kreti kwenye duka la mama mmoja asiyejibu salamu. Dereva aliketi kwenye ngazi ya gari akinitazama nikibeba, akasema, "Haya, nieleze. Kama siyo wewe, wageni wanahamaje?"

Sikujua wanahamaje. Nilichojua ni jinsi kitu kilivyotengenezwa, nikamweleza hicho huku nimeshika kreti.

Kila ukurasa una anwani, na anwani ndiyo inayoibebea programu habari: mji gani, gesti gani, chumba gani. Ndani ya programu kuna visanduku vitatu vyenye majina hayo, vinangoja kujazwa. Mwanzoni anwani zetu zilikuwa ndefu na mbaya. Zilikuwa na alama ya kuuliza katikati, halafu mji ni Mikumi, na gesti ni saba, na chumba ni nne, vyote vimebanana mstari mmoja na alama za ajabu. Lakini kila kitu kilisafiri na jina lake. Bosi alizichukia. Alisema zinafanana na hitilafu. Akataka anwani safi kama za hoteli kubwa za mbugani, anwani ambayo mtu anaweza kuichora ukutani: jina la tovuti, mkwaju, mikumi, mkwaju, saba, mkwaju, nne. Mkwaju ni ule mstari ulioinama. Programu inaikata anwani kwenye kila mkwaju na kugawa vipande. Cha kwanza kinaingia kisanduku cha mji, cha pili cha gesti, cha tatu cha chumba. Majina yameondolewa njiani. Kipande kinajulikana kwa mahali kilipokaa, basi.

"Kama kreti kwenye gari," dereva alisema.

"Ndiyo. Safu ya mlangoni ni ya Ulaya, inayofuata ni ya kijiji cha mbele, ya mwisho ni ya Mikumi."

"Mimi sipangi hivyo. Za huyu mama zote ni za kijani. Hata ukizimwaga barabarani nazijua." Akatema mate pembeni. "Aliyesema mpange kwa kuhesabu ni nani?"

"Bosi alitaka zionekane safi."

"Na aliyepanga?"

"Mimi."

"Basi beba kreti."

Nilibeba. Ilikuwa kweli kwamba nilipanga mimi, na kwamba nilizipenda zile anwani zilipokubali kufanya kazi. Nilikaa siku nzima nikizibonyeza kama mtu aliyepewa ngoma. Kitu kimoja tu ndicho kilichonigombanisha na bosi wakati ule. Nilitaka programu ikipata anwani isiyoeleweka iseme ukurasa haupo. Akakataa kata kata. Alisema duka lake halijawahi kumwambia mteja "sijui" na tovuti yake haitaanza leo. Wenye maduka wa Kilosa wako hivyo wote. Uliza misumari kwa muuza vitenge, atakuambia ngoja, kisha akukabidhi kitu. Akaniamuru: mji usipoeleweka, chukua Mikumi, kwa sababu gesti nyingi ziko huko. Chumba kisipotajwa, onyesha vyumba vyote. Mteja asitoke mikono mitupu. Nikaandika alivyotaka. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta.

Tuliingia Mikumi mchana, jua limesimama. Dereva alinishusha penye barabara kuu, mahali mabasi yanaposimama abiria wakala na kujisaidia.

"Huko ndani usijitaje," alinishauri. "Yule mama ana mkono mzito." Akaondoka na soda zake.

Mji ulikuwa na rangi ya dizeli. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalipangana pembeni, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka. Wauza vitunguu vya Malolo walikimbilia kila basi na kunisukuma kana kwamba nimesimama ndani ya nyumba yao. Nilisogea kwenye kivuli cha duka la vipuri, nikageuka, nikauona ukuta.

Ulikuwa ubavu mzima wa duka. Mchoraji alikuwa amechora kitanda chenye chandarua cha maua, baba, mama na watoto wamejaa meno, na twiga akichungulia dirishani. Juu yake: CHUMBA CHA FAMILIA. USIPIGE SIMU, FUNGUA MTANDAO. Hakukuwa na namba ya simu, na sababu niliijua, kwa kuwa mama mwenyewe alimweleza bosi siku alipojiunga. Tangazo lake la zamani lilikuwa na namba, na madereva wa malori walimpigia usiku kumuuliza kama analala peke yake. Alitaka mtu afungue tovuti kwanza, aone vyumba, achoke kutania, ndipo aikute namba.

Chini ya kitanda kulikuwa na anwani, kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Jina la tovuti yetu. Mkwaju. Saba. Mkwaju. Nne.

Nilisoma tena. Gesti yake kweli ni namba saba kwenye orodha ya Mikumi, na chumba cha familia kweli ni cha nne. Nikatafuta neno lililotakiwa kuwa mbele ya saba. Halikuwepo. Nikatazama chini ya twiga, nikatazama kwenye pembe ya ukuta. Halikuwepo.

Nilitoa simu, nikaandika anwani kama ukuta ulivyosema, herufi kwa herufi. Ukurasa ukafunguka haraka, mzuri, bila kusita hata kidogo. Ulikuwa wa gesti namba nne. Vyumba vyake vyote, geti lake, namba ya simu ya mwenyewe.

Saba ilikuwa imekaa kwenye kisanduku cha mji. Hakuna mji unaoitwa saba. Mtu mwenye akili angesema sijui, lakini programu ilikatazwa kusema sijui, ikachukua Mikumi. Nne ikasogea mbele ikawa gesti. Chumba kikakosa kitu, basi zikaonyeshwa picha zote. Kila basi lililosimama pale liliteremsha watu walioelekezwa kwa jirani na ukuta ambao mama mwenyewe aliagiza uchorwe. Na bosi alipofungua ukurasa dukani alipitia kwenye orodha, ambako anwani zimekamilika, akaona mambo sawa.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kicheko kibaya. Muuza vipuri akatoa kichwa.

"Unacheka nini kwenye duka la watu?"

"Nani amechora hapa?"

"Yule pale kwenye ngazi. Na usimwambie mimi nimekutuma."

Upande wa pili wa barabara, mzee mmoja alikuwa juu ya ngazi anamalizia mkia wa kuku kwenye ukuta wa baa. Nilivuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usishike ngazi."

"Ule ukuta wa gesti umechora wewe?"

"Nani mwingine hapa anachora twiga akafanana na twiga?"

"Anwani uliyopewa ilikuwa na neno Mikumi."

"Ilikuwa nalo."

"Likaenda wapi?"

Alishuka taratibu, brashi mkononi, akasimama karibu nami kuliko inavyohitajika. "Umetokea wapi wewe?"

"Kilosa."

"Ndiyo maana." Aliwageukia waliokaa barazani kwa baa kama mtu anayeanza hotuba. "Mimi nimeshuka milima ya Vidunda nikiwa kijana, nimechora kuta za mji huu zote. Bucha, saluni, madrasa, baa hii. Nionyeshe ukuta mmoja niliouandika Mikumi. Mtu amesimama Mikumi, anakula chipsi za Mikumi, tembo wa Mikumi wamemchelewesha barabarani, halafu umwandikie Mikumi? Unamwona amepotea? Jina la mji unaliandika ukiwa mji mwingine, watu wajue waje wapi. Ukiliandika hapa hapa unawatukana."

"Kweli tupu, fundi," mmoja wa barazani aliitikia, mdomo umejaa.

"Lakini mashine haijasimama Mikumi," nilisema. "Mashine haioni tembo."

"Hayo ni matatizo ya mashine na walioizaa."

"Mama ametangaza kuna mwizi. Hadi Kilosa wanajua. Mwizi ni mmoja kati yetu wawili, mzee, na mimi nakwenda kwake sasa hivi kumwambia siyo mimi."

Alinitazama. Rangi nyekundu ilidondoka kutoka kwenye brashi ikaangukia kiatu changu, na wala hakuomba radhi. Halafu akamwambia mtu wa barazani amchungie kopo, akatangulia.

Gesti ilikuwa mtaa wa nyuma. Mama alikuwa barazani anakunja mashuka, mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mkabala, ng'ambo ya njia, mwenye gesti namba nne alikaa mlangoni kwake na redio. Nilimtambua kwa geti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba?"

"Mimi ndiye kijana wa ile tovuti."

Shuka likabaki limekunjwa nusu. "Umekuja kuchukua na vitanda?"

"Jirani, kulikoni?" yule wa redio aliuliza.

"Nyamaza, mla wageni!"

"Wageni wanajileta wenyewe, jirani. Mimi siwafungi kamba."

Sikutaka kueleza. Tangu asubuhi nilikuwa nimeeleza, na kila nilivyoeleza nilizidi kuonekana mwizi. Nikamwomba afungue tovuti kwenye simu yake mwenyewe, asipitie kwenye orodha wala kwenye kiungo alichotumiwa na bosi, ila aandike ukuta unavyosema.

"Ukuta naujua. Nimeulipia."

"Umewahi kuuandika kwenye simu?"

Alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akimuuliza fundi mkwaju unakaa wapi. Akabonyeza. Nikaona uso wake unabadilika. Geti la jirani lilikuwa mkononi mwake, na geti lenyewe lilikuwa mbele yake, ng'ambo ya njia.

"Umeibadilisha sasa hivi," aliniambia. "Una simu mfukoni."

Nikaitoa simu yangu, nikaizima, nikaiweka juu ya mashuka. Nikainua mikono kama mtu wa kwenye kizuizi cha polisi. "Sasa rudia, mama. Weka mikumi mbele ya saba. Usibadilishe kingine."

Akaandika. Chumba chake kikatokea, chandarua cha maua, feni, vitanda viwili. Akafuta neno, jirani akarudi. Akaliandika, chumba chake kikarudi. Alifanya hivyo tena na tena, na mimi nilisimama nikingoja kwa namna ambayo sijawahi kungoja matokeo ya mtihani wowote.

Fundi alichungulia juu ya bega lake. "Mashine mbovu hiyo."

"Nyamaza na wewe. Neno nilikupa, ukaliacha."

"Mama, hapa ni Mikumi!"

"Najua hapa ni Mikumi! Mume wangu kafia hapa!" Akanigeukia mimi. "Na wewe. Kwa nini hii kitu yako ikikosa neno isiseme tu kwamba haijaelewa? Mbona inampeleka mtu kwa huyu?"

"Bosi hapendi tovuti yake iseme haijui."

Akampigia bosi, sauti ya nje. Bosi alipokea kwa ile sauti yake ya asali. "Shikamoo mama! Yule kijana nimeshamfukuza, usiwe na wasiwasi kabisa."

"Yuko mbele yangu."

Mama akamsimulia alichokiona, kwa kifupi na kwa ukali. Bosi akakohoa. "Sasa unaona, mama, tovuti haina tatizo. Tatizo ni ukuta."

"Na kijana?"

"Yule kijana ana tabia ya ujuaji, mama. Tangu zamani."

"Sikukuuliza tabia. Nimekuuliza, ameiba?"

"Mama, mtandao wa huku unakata... halo? Halo?" Na akakata mwenyewe. Tulimsikia akishusha pumzi kabla.

Mama alikaa chini. Alitazama simu, akafungua kundi la wenye gesti, akashikilia kitufe cha sauti, akaiweka simu karibu na mdomo kama anataka kuiuma. Ujumbe ule niliusikia ukitengenezwa, na naukumbuka wote.

"Wenzangu, salamu. Yule kijana wa Kilosa niliyesema jana ni mwizi, siyo mwizi. Ninaye hapa. Fundi wetu wa kuchora ameruka neno kwenye ukuta wangu, na huyu kijana ametengeneza kitu ambacho ukiruka neno kinakupeleka kwa adui yako, na bosi wake ndiye aliyeamuru iwe hivyo. Basi kijana ni mjinga, fundi ni mjinga, na yule bosi ndiye mjinga mkubwa kwa sababu anajua kukata simu. Lakini mwizi hakuna. Wenye kuta nendeni mkazitazame."

Akaachia kitufe. Ujumbe ukaenda. Sijapata barua ya utambulisho nzuri kuliko ile, na sidhani kama nitapata.

Majibu yalianza kabla hajavua miwani. Mwenye gesti mmoja wa karibu na kituo cha mafuta alisema na ukuta wake hauna neno, na kwamba muda wote alidhani biashara imekuwa ngumu kwa kila mtu. Mwingine akauliza huyo kijana anapatikana wapi, kwa sauti ya mtu anayetaka kunipiga, kisha akauliza kama naweza kumtengenezea tovuti inayokubali kusema haijui. Mzee wa redio alinyanyuka na kiti chake akaingia ndani.

"Hata kwaheri hajasema," mama alisema. "Wageni wangu amewala na redio anawasha."

Fundi alitoka bila kuaga. Jua lilipoanza kulegea nilirudi barabarani nikamkuta kwenye ukuta wa duka la vipuri, amepanda ngazi. Nilijitolea kuishika. Akaniambia nikiigusa atanimwagia kopo. Nafasi mbele ya saba ilikuwa ndogo, basi aliandika mikumi kwa herufi nyembamba nyeupe, zimebanwa na mguu wa kitanda, bila kivuli, bila madoido, kama mtu anayetoa ushahidi kwa kulazimishwa. Abiria mmoja wa basi alisimama akamuuliza kwa nini anaandika Mikumi na hapa ni Mikumi. Fundi alinielekeza kwa brashi.

"Muulize huyo."

Niliiwasha tena simu yangu, nikaandika anwani. Ikafungua chumba cha familia. Nilimwonyesha fundi, hakutazama.

Niliporudi gesti mama alikuwa bado barazani. Nikamwomba chumba.

"Bado upo?"

"Sina kwa kwenda leo."

"Kitambulisho." Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, akanilinganisha na picha. "Jina zuri. Nilidhani una jina la kijambazi." Akaninyooshea ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao. "Cha mwisho nyuma, karibu na jenereta. Cha familia hata usikitazame. Pombe hapana, mwanamke hapana. Na yule mtu wa kituo cha mafuta atakuja asubuhi kukuona, usijifanye umelala."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, chandarua kilichofungwa fundo mahali kilipotoboka, ndala mbili za mguu mmoja na ndoo ya bluu. Dirisha liliangalia ukuta wa jenereta. Niliweka begi sakafuni na kuanza kufungua viatu, kimoja chekundu kwa vumbi, kingine kwa vumbi na rangi. Sikuwa nimekaa kitandani bado mlango ulipogongwa kwa kiganja.

"Wewe! Usinilalie shuka na hilo vumbi la Kilosa. Maji yapo kwenye pipa. Oga kwanza."

Nikachukua ndoo, nikavaa ndala zote mbili za kushoto, nikaenda kuoga.